Kutengeneza Gari, Kutengeneza Macho ya Mnunuzi

Katika maduka mengi ya Tabora, na bila shaka ya mji wako pia, kuna kibao kinachosema mali ikishauzwa hairudishwi. Tumekizoea kiasi kwamba hatukisomi tena. Lakini ndani yake kuna dai zito: kwamba kuna sekunde moja, pale fedha zinapotoka mkono huu kwenda mkono ule, ambapo ubovu wa kitu nao unabadilisha mwenyewe. Kabla ya hapo ulikuwa wangu, baada ya hapo ni wako, tumemalizana. Swali langu ni kama ninaweza kukuhamishia ubovu wangu bila kukuhamishia habari zake.

Limenikaa kichwani tangu nilipoamua kuuza gari langu. Ni gari dogo la Kijapani, lilitumika huko, likaja kutumika hapa, na kwenye kadi mimi ni mmiliki wa tatu. Rangi inang'aa, viti visafi, linawaka kwa mara moja. Ukilizungusha mjini, hata ukienda nalo mpaka Kwihara kwenye tembe la Livingstone na kurudi, hutaona kitu. Ubovu wake unataka safari. Baada ya kilometa 80 au 90 geji ya joto inaanza kupanda, maji ya rejeta yamepungua na huoni yanapovujia, na ukifungua mfuniko wa oili asubuhi unakuta umeganda kitu cha rangi ya chai ya maziwa. Anayejua magari ameshaelewa. Kwa asiyejua: gasketi ya silinda hedi imeachia, maji na oili vimeanza kutembeleana.

Fundi wangu alinipa njia tatu huku akifuta mikono kwenye tambara. Ya kwanza ni "kuipoza". Unamwaga dawa ya kuziba kwenye rejeta, unaweka oili nzito, unaosha injini mpaka ing'ae, na gharama haifiki laki moja. Itatulia wiki mbili, ikizidi sana mwezi. Ya pili ni kufungua injini, hedi ipelekwe ikasawazishwe, iwekwe gasketi mpya na bolti mpya: kama laki 7, "tusipokuta ufa." Ya tatu ni kuliuza lilivyo. Kisha akaongeza jambo lililoniharibia hesabu zote. "Ila kaka, ukishaifungua, bei inashuka. Mtu wa kwanza atakayekuja atakuuliza kama injini imeshafunguliwa. Ukisema ndiyo, anaondoka."

Ni kweli. Pitia matangazo ya magari utaona sifa hiyo imewekwa mbele kabisa: injini haijafunguliwa. Yaani gari bovu ambalo halijaguswa linaaminiwa kuliko gari lililotengenezwa vizuri. Ukitengeneza kwa uaminifu na kusema, unaadhibiwa. Ukiziba na kunyamaza, unalipwa. Mtu anayejiuliza "nitengeneze kwanza au niuze hivi hivi?" anadhani anapima laki 7 upande mmoja na punguzo la bei upande wa pili. Kumbe soko lenyewe limeshamwekea kidole kwenye mzani.

Mwaka 1970 mchumi wa Kimarekani, George Akerlof, alichapisha makala kuhusu soko la magari yaliyotumika. Majarida matatu yalikuwa yameikataa. Mwaka 2001 alipewa Tuzo ya Nobeli ya uchumi, na makala hiyo ilikuwa sababu kubwa. Wenzetu huko gari la namna hii huliita limau. Sisi tuna neno zuri zaidi, kimeo. Hoja yake ni hii: kwa kuwa mnunuzi hawezi kutofautisha gari zima na kimeo, anatoa bei ya katikati. Mwenye gari zima anaona anapunjwa, anaondoka sokoni. Vinabaki vimeo, bei inashuka tena, na waliobaki na magari yenye nafuu nao wanaondoka. Ukiitafakari hoja hiyo kimaadili badala ya kiuchumi, inasema kwamba udanganyifu wangu mimi haumwumizi mnunuzi wangu peke yake. Unalipwa pia na muuzaji mkweli wa kesho, ambaye hataaminiwa kwa sababu yangu.

Lakini hilo ni suala la soko. Je, mimi binafsi nina deni gani kwa mtu anayekuja na fedha zake na macho yake mawili?

Ugomvi huu ni wa zamani. Cicero, katika kitabu chake kuhusu wajibu alichoandika mwaka 44 kabla ya Kristo, anawapambanisha wanafalsafa wawili, Diogenes wa Babeli na mwanafunzi wake Antipater, juu ya mtu anayeuza nyumba mbovu. Ubovu anaujua yeye tu: nyumba inaleta maradhi, mbao zake ni dhaifu, vyumbani hutokea nyoka. Diogenes anasema muuzaji ataje kile sheria inachomlazimisha kutaja na asidanganye. Zaidi ya hapo, kunyamaza si kuficha. Tena anacheka: kuna kichekesho gani kuzidi mnadi anayepaza sauti sokoni kwamba nauza nyumba ya maradhi? Antipater anajibu kwamba kumwacha mnunuzi akimbilie hasara kwa sababu hajui ni sawa na kukataa kumwonyesha njia mtu aliyepotea, jambo ambalo Athene waliliwekea laana ya hadharani. Cicero anakuwa upande wa Antipater. Kwake, kuficha ni pale unapotaka, kwa faida yako, asijue yule ambaye kujua kungemfaa.

Nilipomsimulia dalali wangu habari za yule mnadi, alicheka kama Diogenes. Alikuwa ameshanisikia nikimtajia mteja wa kwanza gasketi, kisha wa pili. Wote wawili walikumbuka ghafla kwamba wana dharura mahali. "Kaka," aliniambia, "unauza gari au unaungama?"

Tabora ni mji wa misikiti, na wengi hapa hawahitaji Cicero. Wanajua habari ya Mtume alipopita sokoni, akaingiza mkono kwenye lundo la nafaka, vidole vikatoka vimelowa. Mwenye nafaka alieleza kwamba ilinyeshewa. Akaulizwa mbona hakuiweka juu watu waione. Habari hii naipenda kwa sababu haimlaumu mtu kwa mvua. Mvua hakuileta yeye, kama mimi nisivyoipangia gasketi siku ya kuachia. Kilichokuwa mikononi mwake ni mpangilio wa lundo: kavu juu, mbichi chini. Na kwa wale wa upande wa Kipalapala, seminari kuu iliyo nje kidogo ya mji, Mtakatifu Thoma wa Akwino aliligusa swali lilelile kwa mfano wa farasi. Akiwa na jicho moja, muuzaji hana lazima ya kutangaza, kila mtu ana macho. Ubovu uliojificha na unaoweza kuleta hasara au hatari, huo auseme.

Sheria ya nchi ni baridi zaidi, na imenifundisha kitu ambacho sikukitarajia. Sheria yetu ya Mikataba ya mwaka 1961, Sura ya 345, imechotwa kwenye Sheria ya Mikataba ya India ya mwaka 1872, ambayo ndiyo iliyokuwa ikitumika Tanganyika kabla yake. Sheria hiyo ya India ina mifano midogo midogo ya kufafanua vifungu, na mmojawapo unahusu farasi tena. Mtu anauza kwa mnada farasi anayejua kuwa si mzima, na hasemi neno. Huo si ulaghai, inasema sheria. Lakini mnunuzi akiwa ni binti wa muuzaji, ndiyo kwanza ametimiza umri wa utu uzima, basi uhusiano wao unamwajibisha baba kumwambia.

Niliusoma mfano huo mara tatu. Farasi ni yuleyule, ugonjwa uleule, bei inaweza kuwa ileile. Kilichobadilika ni nani amesimama mbele yako. Ukweli, kumbe, tunaugawa kwa ukoo. Kwa binti tunasema, kwa mgeni tunanyamaza, na kila upande sheria inaridhika.

Kwa hiyo swali la gari likageuka. Mnunuzi wangu ni nani kwangu?

Tabora ni mahali pazuri pa kuuliza hivyo, kwa sababu mji huu ulijengwa na wageni waliohitajiana. Burton na Speke walipofika hapa Novemba 1857, mahali walipopaita Kazeh, walikuta wafanyabiashara wa Kiarabu na wa pwani wameshajenga matembe na kukaa. Njia kutoka Bagamoyo ilipumzika hapa. Mizigo ilitelemshwa, wapagazi wengine walilipwa na wengine wakapangwa upya, kisha njia ikagawanyika: magharibi kwenda Ujiji, kaskazini kwenda Karagwe na Buganda. Mpagazi wa Kinyamwezi alibeba begani kilo 30 na zaidi za merikani, shanga au nyaya za shaba, na hakufungua mzigo kuukagua. Shanga hizo nazo zilikuwa na mambo yake. Kila nchi ilikuwa na rangi yake, na rangi isiyopendwa mahali haikununua hata kibaba cha mtama. Aliyedanganywa Unguja kuhusu shanga aligundua baada ya wiki nyingi za kutembea, akiwa katikati ya pori, watu wake wana njaa.

Biashara hiyo yote ilisimama juu ya mkopo. Taria Topan, tajiri wa Kihindi wa Unguja, alimkopesha Tippu Tip bidhaa na kusubiri pembe zirudi kutoka bara, na kusubiri kwenyewe kulikuwa kwa miaka. Tippu Tip, ambaye baba yake aliishi hapa Tabora, ametuachia maisha yake aliyoyaeleza mwenyewe kwa Kiswahili. Bila neno la mtu kuaminika, hakuna mzigo ambao ungevuka Ugogo.

Ni rahisi kuishia hapo na kusema zamani watu walikuwa waaminifu. Lakini njia ileile ndiyo iliyopitisha watumwa. Mtu aliyemrudishia mdai wake wa Unguja kila alichokopa aliweza kuwa ndiye aliyeswaga watu kama mbuzi mpaka pwani. Hakujiona mnafiki. Uaminifu wake ulikuwa na mpaka, na waliofungwa minyororo walikuwa nje ya mpaka huo. Siulinganishi utumwa na gasketi, Mungu aniepushe. Ninachosema ni kwamba njia hii inaonyesha, kwa ukubwa unaotisha, kile ambacho mfano wa farasi unakionyesha kwa udogo. Uaminifu unaoishia kwa watu wako haujaanza bado kuitwa uaminifu. Ni ushirika tu, kila genge linao.

Na magari yana jambo moja ambalo nafaka iliyolowa haina. Anayebeba ubovu mara nyingi si yule aliyelipa. Mteja wa tatu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kutoka upande wa Sikonge, mtu mzima kuliko mimi. Alitaka gari kwa sababu mama yake anahudhuria kliniki mjini na mabasi yanamchosha. Kutoka Tabora mpaka Sikonge hazifiki kilometa 80. Angefika nyumbani salama, mara ya kwanza na pengine ya kumi, akiniombea heri. Lakini siku atakayopitiliza kwenda Ipole na kuendelea na barabara ya Mpanda, kwenye miombo ile mirefu ambako kijiji na kijiji vimeachana, ndipo geji ingepanda. Na kwenye kiti cha nyuma angekuwapo bibi ambaye hakuwahi kuniona wala kupatana nami bei.

Hapo niliona pia kwamba "nimemwambia" si jibu la kila kitu. Kuna ubovu wa fedha na kuna ubovu wa roho za watu. Breki zinazoshindwa, usukani unaocheza, tairi iliyokwisha: hivyo ukivitaja na kupunguza bei, bado umemkabidhi mtu asiye na fedha chombo atakachokiendesha hivyohivyo, kwa sababu fedha ya kutengeneza ndiyo hiyo aliyokulipa. Kusema kunakuwa kunawa mikono. Ubovu wa namna hiyo utengenezwe, au gari liuzwe kama spea, lisiuzwe kama gari. Gasketi iko katikati. Haiui ghafla, ila inaweza kulaza watu porini usiku. Huo unahitaji kusemwa, kisha watu wazima wakae wakubaliane.

Basi nikamwambia mwalimu kila kitu: geji, maji, ile chai ya maziwa, njia tatu za fundi na bei zake. Alinyamaza, akazunguka gari mara moja, akarudi. "Kwa nini unaniambia?" Niliielewa hofu yake. Mahali ambapo kila mtu anaficha, anayesema ukweli lazima awe anaficha kikubwa zaidi. Nikamwambia sina jibu zuri kuliko kwamba gari litaishia kumwambia lenyewe. Akauliza maswali mengine manne, yote mazuri, kisha akatoa wazo ambalo si mimi, si fundi wala dalali tulikuwa tumelifikiria. "Tukubaliane bei ya gari zima. Halafu ifunguliwe nikiwapo. Gharama utoe wewe."

Jumamosi iliyofuata alikaa kwenye benchi chini ya mwembe, kwenye gereji bubu ya fundi wangu, tangu asubuhi. Hedi ilitolewa mbele yake. Fundi aliweka rula ya chuma juu yake na kumwonyesha mwanga unaopita chini: ilikuwa imepinda. Ufa haukuwapo. Ilipelekwa kusawazishwa, ikarudi mchana, ikafungwa kwa gasketi mpya. Jumla ilikuwa laki 6 na nusu. Tukalitembeza gari mpaka geji ikatulia na kubaki imetulia. Alinilipa milioni 7 na laki 2, tukaenda kushughulikia kuhamisha umiliki. Dalali alinikumbusha, na hesabu yake ni sahihi, kwamba kwa oili nzito na mdomo uliofungwa ningepata milioni 8 bila kutoa laki 6 na nusu.

Mwalimu, bila kumsoma Akerlof, alitatua tatizo lake. Injini iliyofunguliwa inashusha bei kwa sababu hakuna aliyeona ilivyofungwa. Ifungue mbele ya mnunuzi, na ubovu uleule unakuwa sababu ya kuaminiana. Kilichokosekana sokoni kilikuwa shahidi, na shahidi bora ni yule atakayelipanda.

Nimeulizwa tangu hapo na marafiki wawili watatu: je, mtu atengeneze gari kabla ya kuuza? Nadhani swali limekaa vibaya. Kuna matengenezo ya gari na kuna matengenezo ya macho ya mnunuzi, na kwenye bili vyote vinaitwa matengenezo. Dawa ya kuziba, oili nzito, kuzima ile taa ya injini kwenye dashibodi bila kugusa kilichoiwasha: hayo ni ya macho. Mtu anayefanya hayo ametumia fedha na bado amefanya kibaya kuliko aliyeuza mkweche wake ulivyo na kusema. Kutotengeneza si dhambi. Anayeuza kibovu kama kibovu, kwa bei ya kibovu, hana deni, mradi ubovu wenyewe si wa kuua.

Kipimo nilichobaki nacho ni chepesi, na kinafaa hata kwa nyumba, ng'ombe au simu. Kabla hujamwambia fundi aanze, jiulize kama ungependa mnunuzi awe amekaa pale kwenye benchi akitazama kila kinachofanyika. Kama ungependa, endelea, na ukiweza mwite kweli. Kama unaomba asitokee mpaka fundi amalize, mwambie fundi aache.